Sembène Kabla ya Kuitwa Baba wa Sinema

Medali inaanguka chini. Mwendesha gari la farasi anataka kuiokota, lakini buti la askari limekwisha kuikanyaga. Kamera imeshuka, haishughuliki tena na nyuso. Inatazama buti na kile kipande cha chuma kilichobanwa chini yake. Medali ni ya vita. Askari anayeikanyaga ni Mwafrika mwenzake, mtumishi wa Senegal iliyopata uhuru mwaka 1960. Hakuna anayeeleza lolote. Sekunde chache zinapita, kisha mwendesha gari ananyang'anywa gari lake na kubaki na farasi tu.

Hiyo ni Borom Sarret, filamu ya dakika 20 hivi iliyotoka mwaka 1963. Aliyeiongoza, Ousmane Sembène, alikuwa na umri wa miaka 40, na hadi hapo watu walimjua kwa riwaya, si kwa picha. Vitabu vya historia huihesabu kuwa miongoni mwa filamu za kwanza kabisa kutengenezwa na Mwafrika mweusi kwenye ardhi ya Afrika, kusini mwa Sahara, na mara nyingi huipa nafasi ya kwanza yenyewe. Sembène naye baadaye akavikwa jina la baba wa sinema ya Afrika. Heshima hiyo anaistahili, ila imemponza. Kazi ikishaitwa ya kwanza, watu huitaja kwenye hotuba na kuiandika kwenye orodha, kisha hawaitazami. Filamu alizotoa kati ya 1963 na 1968 zinastahili kupimwa kama filamu: wapi zimefaulu, wapi zimepwaya, na kwa sababu gani.

Sembène alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mwaka 1923, mtoto wa mvuvi. Shule aliiacha mapema baada ya kugombana na mwalimu mkuu. Akavua samaki, akajifunza umakanika, akafanya kazi ya uashi. Mwaka 1944 aliingia katika jeshi la kikoloni la Ufaransa. Vita vilipokwisha alivuka bahari hadi Marseille, akawa kuli bandarini, mwanachama wa chama cha wafanyakazi cha CGT na baadaye wa Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa. Kubeba mizigo kulimvunja mgongo, na miezi ya kuuguza jeraha akaitumia kujisomea. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956. Mwaka 1960 ikafuata Les Bouts de bois de Dieu, kisa cha mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar na Niger wa 1947 na 1948, ambayo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki waliifahamu kwa jina lake la Kiingereza, God's Bits of Wood.

Riwaya hizo zilimpa jina Ufaransa. Kuli wa Dakar hakuweza kuzisoma.

Jambo hilo lilimnyima raha. Alipozunguka nchi za Afrika zilizokuwa zikijipatia uhuru mwaka 1960, alifika Kongo, na miaka mingi baadaye alisimulia kwamba ni ndani ya boti, kwenye Mto Kongo, alipotambua kuwa picha zingefika mahali ambapo maandishi yake yasingefika kamwe. Akaandika barua za kuomba nafasi ya kusomea utengenezaji wa filamu. Moscow wakamkubalia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alijifunza katika Studio ya Gorky chini ya Mark Donskoi, mwongozaji aliyesifika kwa filamu tatu kuhusu maisha ya mwandishi Maxim Gorky. Aliporudi Dakar alikuwa na elimu ya kutosha, marafiki wachache na fedha kidogo mno.

Historia ya kazi aliyoiingia ilikuwa fupi kwa sababu ilizuiwa kwa sheria. Amri ya mwaka 1934, iliyopewa jina la Pierre Laval, waziri wa makoloni wa wakati huo, ilimtaka kila aliyetaka kupiga filamu katika Afrika Magharibi ya Kifaransa aombe kibali cha serikali ya kikoloni, na aeleze nini atapiga na nani atashiriki. Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Dahomey aliyesomea filamu Paris, alijikuta na wenzake hawawezi kufanya kazi nyumbani. Filamu yao ya mwaka 1955, Afrique-sur-Seine, wakaipiga hukohuko Paris, kuhusu Waafrika waishio Paris. Uhuru ulipokuja, majumba ya sinema yalibaki mikononi mwa kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA, zilizoamua wananchi watazame nini.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na yake. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa filamu za elimu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Leslie Notcutt, aliyewahi kuwa meneja wa shamba la mkonge. Zilitengenezwa filamu 35 kuhusu kilimo, afya na kuweka akiba, na maneno ya Kiswahili na lugha nyingine yakarekodiwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Waafrika walikuwa mbele ya kamera. Waliokaa nyuma yake na kuamua hadithi iende wapi walikuwa wengine. Ndiyo maana mwaka 1965, katika mjadala wake mashuhuri na Jean Rouch, Mfaransa aliyepiga filamu nyingi Afrika Magharibi, Sembène hakumung'unya maneno: alimwambia kuwa yeye na wenzake wanawatazama Waafrika kama wadudu.

Katika Borom Sarret hakuna mdudu. Kuna mtu anayesali alfajiri, anafunga farasi wake aitwaye Albourah, anatoka kwenda kutafuta riziki. Abiria wanapanda na kushuka, baadhi hawalipi. Mwanamke mjamzito anafikishwa hospitali. Mlemavu anaomba, hapewi kitu. Muda mfupi baadaye anatokea mwimba sifa aliyevaa vizuri, anawataja mababu wa mwendesha gari kwa sauti ya kupendeza, na mwendesha gari huyohuyo anamkabidhi pesa zote za asubuhi. Sembène hamcheki wala hamsamehe. Anaonyesha tu jinsi fahari ya ukoo inavyoweza kumfungua maskini mkono mbele ya aliyeshiba na kuufunga mbele ya mwenye njaa.

Kisha anakuja baba aliyebeba maiti ya mtoto wake mchanga. Wanafika makaburini, mlinzi wa lango anataka karatasi, karatasi hazijakamilika, baba anazuiwa. Mwendesha gari anashusha maiti, anaiweka chini na kuondoka, kwa kuwa siku haijaisha na nyumbani hakuna chakula. Ni tukio gumu kulitazama, na ugumu wake umetokana na namna lilivyopigwa: kwa utulivu, bila machozi ya kulazimisha, kamera ikikaa mbali kiasi cha kumwacha baba peke yake.

Mteja wa mwisho, kijana wa suti, anataka kupelekwa Plateau, eneo la kitajiri la Dakar ambako magari ya farasi hayaruhusiwi. Hapa Sembène anafanya jambo ambalo mwanafunzi wa kawaida asingelifikiria. Muziki wa ala za nyumbani unakatika na muziki wa kizamani wa Ulaya unaingia, huku maghorofa meupe yakichomoza. Mtazamaji anajua amevuka mpaka, ingawa hakuna aliyemwonyesha mpaka wowote. Mji mmoja umekuwa miji miwili kwa kubadilisha muziki tu.

Kasoro zipo na hazifichiki. Sauti haikurekodiwa papo hapo. Iliwekwa baadaye, kwa Kifaransa, na kuna mahali inaelea juu ya picha. Mawazo ya mwendesha gari, tunayoyasikia karibu muda wote, wakati mwingine yanarudia kile ambacho macho yameshakiona. Sababu ya kasoro ya kwanza ni umaskini wa vifaa. Ya pili ni ya mwandishi wa riwaya ambaye bado hajaiamini picha. Mhakiki wa haki hazichanganyi hizo mbili.

Filamu iliyofuata, Niaye ya mwaka 1964, inatokana na kisa cha Sembène mwenyewe kuhusu baba aliyemharibu bintiye, na kijiji kinachoficha aibu kuliko kutenda haki. Ina ujasiri mkubwa wa mada. Lakini msimulizi ameshika usukani zaidi ya inavyofaa, na wahusika hawapati nafasi ya kupumua. Ni hatua ya katikati, na itazamwe hivyo.

La Noire de..., iliyotoka mwaka 1966, ndiyo iliyobadilisha mambo. Chimbuko lake ni habari fupi ya gazeti la kusini mwa Ufaransa kuhusu mtumishi wa Kiafrika aliyejiua. Sembène aliigeuza hadithi fupi, kisha akataka kuifanya filamu. Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa, ambayo kupitia ofisi yake ya sinema iliwasaidia waongozaji wa makoloni ya zamani, ilikwisha kununua haki za Borom Sarret. Andiko hili ililikataa. Sembène akatafuta njia nyingine kupitia kampuni yake ndogo ya Domirev na kampuni ya Paris ya Les Actualités Françaises. Filamu ilipokamilika, ofisi ileile iliyoukataa mswada ikanunua haki za kuionyesha.

Masharti ya Ufaransa kuhusu filamu ndefu yalimfanya aikate hadi ikabaki saa moja hivi. Sehemu fupi ya rangi, iliyoonyesha pwani ya Ufaransa kama Diouana, mhusika mkuu, alivyoitarajia, haikubaki katika toleo lililosambazwa. Kilichobaki ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe tupu, na hasara hiyo ikageuka faida.

Diouana anaigizwa na Mbissine Thérèse Diop, fundi cherehani wa Dakar aliyekuwa akihudhuria masomo ya uigizaji jioni. Tunamkuta kwanza pale wasichana wanapokaa kando ya barabara wakisubiri kuajiriwa. Bibi wa Kifaransa anapofika, wote wanamkimbilia. Yeye habanduki mahali pake, na kwa sababu hiyohiyo anachaguliwa. Kazi yake Dakar ni kulea watoto. Kwa furaha anamzawadia mwajiri kinyago. Kisha familia inamwita Antibes, kusini mwa Ufaransa, na huko hakuna watoto wa kulea wala mji wa kutembelea. Kuna jiko, bafu, vumbi, na sauti inayomwita.

Kinyago ndicho mahali pa kuukagua ufundi wa Sembène kwa karibu. Nyumbani kwa mwajiri Dakar, kinatundikwa miongoni mwa vinyago vingine, kimoja kati ya vingi. Antibes, kipo peke yake kwenye ukuta mweupe mtupu. Hakuna neno linalosemwa, lakini kila Diouana anapopita mbele yake mtazamaji anaona watu wawili wa kwao ndani ya nyumba hiyo. Mwishoni anakitaka kinyago chake. Yeye na bibi wanakivutana kwa mikono, na hilo ndilo pambano pekee la nguvu katika filamu nzima. Zawadi imerudi kwa mwenyewe. Baada ya hapo anafungasha sanduku lake, anaingia bafuni na kujikata.

Kabla ya hapo kuna tukio la barua. Inafika kutoka kwa mama yake Diouana, asiyejua kuandika, naye Diouana hajui kusoma. Bwana wa nyumba anaisoma kwa sauti, kisha anachukua kalamu na kuanza kumjibia, akibuni mwenyewe habari za afya njema na maisha mazuri. Diouana anainyakua barua na kuichana. Ni barua iliyoandikwa na mtu mwingine, kwenda kwa mama ambaye hakuiandika ya kwanza.

Tukio hilo linaelezea pia hali ya filamu yenyewe. Sauti ya Diouana tunayoisikia, kwa Kifaransa kizuri, si ya Mbissine Thérèse Diop. Ni ya mwimbaji wa Haiti, Toto Bissainthe. Mwanamke ambaye filamu inalia kwamba hakupewa nafasi ya kusema, anasemewa na mwingine kwa lugha ya waajiri wake. Wapo wanaolitaja jambo hili kama doa kubwa la La Noire de.... Doa ni kweli, na aliyeliona mapema kuliko wote ni Sembène, maana filamu yake iliyofuata ilikuwa jibu.

Mandabi ya mwaka 1968 inazungumza Kiwolofu. Fedha za uzalishaji zilitoka Ufaransa, na toleo la Kifaransa likatengenezwa pia, lakini lililoingia katika historia ni la Kiwolofu, filamu ndefu ya kwanza katika lugha ya Afrika Magharibi. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi, mwenye wake wawili na majivuno tele, anapokea hundi ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia mitaa ya Paris. Sehemu kubwa si yake. Ni ya kutunzwa na kugawiwa. Ili aichukue anahitaji kitambulisho, na kitambulisho kinadai cheti cha kuzaliwa. Wakati huo mtaa mzima umeshasikia habari za pesa, na wakopaji wanapiga hodi.

Ukizitazama filamu hizi kwa mfululizo, uzi mmoja unaonekana: karatasi. Karatasi inamzuia baba kumzika mwanawe. Barua inamnyima Diouana kauli yake. Hundi inamfilisi Dieng badala ya kumnufaisha. Mtoto wa mvuvi aliyeacha shule, kisha akajifunza kuandika riwaya kwa lugha ya mkoloni, alijua kwa uzoefu wa mwili wake uzito wa karatasi kwa asiyeisoma. Hakuna mhadhiri aliyempa mada hiyo Moscow.

Ulimwengu uliipimaje kazi hiyo? Mwanzoni, vizuri. La Noire de... ilipata Tuzo ya Jean Vigo Ufaransa mwaka 1966, na mwaka huohuo ikachukua Tanit ya Dhahabu katika tamasha la kwanza la Carthage, Tunisia. Mwaka 1967 Sembène aliketi kwenye jopo la majaji wa Cannes. Mandabi ikatuzwa na majaji wa Venice mwaka 1968. Kisha ukaja ukimya wa aina yake. Jina lilizidi kukua kwa Xala, Ceddo, Camp de Thiaroye na hatimaye Moolaadé ya 2004, lakini nakala za filamu za mwanzo zilikuwa chache, zimechakaa, na kwa miongo mingi ziliwafikia zaidi wanafunzi wa vyuo na wahudhuriaji wa matamasha.

Sembène alifariki Dakar tarehe 9 Juni 2007. Baada ya hapo kazi ya uokozi ilishika kasi. Mradi wa sinema za dunia ulioanzishwa na Martin Scorsese, ukishirikiana na mafundi wa Bologna, Italia, uliikarabati Borom Sarret mwaka 2013 na La Noire de... mwaka 2015. Nakala safi zikafika kwenye majumba ya sinema, diski na intaneti. Matokeo yalionekana haraka. Jarida la Uingereza la Sight and Sound huwapigisha wahakiki kura ya filamu bora kila baada ya miaka kumi tangu 1952. Mwaka 2022, wapiga kura zaidi ya 1,600 waliiweka La Noire de... katika nafasi ya 95, sawa na The General ya Buster Keaton.

Filamu haikubadilika hata fremu moja kati ya 1966 na 2022. Kilichobadilika ni kwamba watu waliiona. Upimaji wa sinema za zamani unategemea sana swali hilo la kawaida: nakala ipo wapi, inasomeka vipi, na nani anaruhusiwa kuionyesha. Orodha yoyote ya filamu bora ni, kwa sehemu, orodha ya filamu zilizotunzwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna sababu ya karibu zaidi ya kuzitazama. Kila mwaka wasichana kutoka Kenya, Uganda na Tanzania hupanda ndege kwenda kufanya kazi za ndani Oman, Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba. Baadhi hurudi na mtaji wa kuanzia maisha. Wengine hukuta milango imefungwa kwa nje na mshahara wa kusubiri. Kwao Diouana si mhusika wa zamani.

Wala namna Borom Sarret inavyosimuliwa haitamshangaza mtu aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Tanzania au kumbi za video za Kenya na Uganda, ambako msimulizi mmoja hubeba sauti za wahusika wote juu ya picha zisizozungumza lugha yake. Sauti iliyoachana na midomo, ambayo mhakiki wa Paris huihesabu kuwa kasoro, kwa mtazamaji huyu ni desturi aliyoizoea.

Ikibidi kuzipanga, La Noire de... ishike nafasi ya kwanza, kwa kuwa hakuna picha ndani yake isiyo na kazi. Borom Sarret iifuate kwa karibu. Kwa dakika 20 inasema mengi kuliko filamu nyingi za saa mbili. Mandabi ije ya tatu: ina lugha yake na ucheshi wenye uchungu, lakini sehemu yake ya kati inazunguka mahali pamoja muda mrefu kupita mahitaji. Niaye ikae ya mwisho. Anayetaka kubisha upangaji huu azitazame kwanza, kwa mfuatano wa miaka. Na wenye kumbi na matamasha, kuanzia Zanzibar na Dar es Salaam hadi Nairobi na Lubumbashi, wazionyeshe zikiwa na tafsiri ya Kiswahili, ili asiyejua Kifaransa wala Kiingereza naye apate kutoa hukumu yake.